Swali Ambalo Mwalimu Hakuuliza

Mtaani kwetu Butembo, mtu akisema ameanguka mtihani, watu hawakumuuliza ni wa shule gani. Walijua ni wa Mwalimu. Shule ziliangusha watoto, na hilo ni jambo la kawaida, lakini Mwalimu aliangusha wazee, wajane, wenye maduka, hata fundi aliyeezeka kanisa lake kwa mabati. Fundi huyo alianguka siku ileile aliyoshuka kutoka juu ya paa, nyundo bado iko mkononi.

Alikuwa mwalimu wa dini, yule ambaye mapadri humwita katekista, katika kanisa dogo la matofali lililokaa mlimani, juu kidogo ya nyumba yetu. Jina analo, na ni jina zuri la mtakatifu, ila sijawahi kusikia mtu akilitumia, hata mke wake. Kazi yake ilikuwa kuwatayarisha watu wazima kwa ubatizo. Ulihudhuria mafundisho miaka miwili, kila juma unagongewa muhuri kwenye kadi yako, halafu unaketi mbele yake peke yako na kujibu maswali. Ukijibu sawasawa anakupeleka parokiani, padri anakubatiza Pasaka. Ukikosa, unarudia mwaka. Mama yangu alianguka mara tano. Nalisema mapema, ili mtu asidhani nimekaa kuandika haya kwa sababu nilimpenda Mwalimu siku zote. Kuna miaka nilimchukia, na nilimchukia kwa bidii.

Alikuwa mfupi na mwembamba, na koti lake la kijivu lilikuwa la mtu mwingine kabla yake, mtu wa mabega. Mimi ni mshonaji, na koti lile nililipunguza mara mbili. Mara zote mbili Mwalimu alikonda tena baada ya miezi michache, kana kwamba anashindana na sindano yangu. Mfukoni alikuwa na kipande cha chaki hata siku zisizo na mafundisho. Alikunywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kikombe kimoja tu Jumapili baada ya misa, na alikinywa amesimama, kwa sababu alisema mtu akishaketi anaongeza cha pili. Aliimba vibaya. Alianzisha wimbo juu mno, kule ambako hakuna koo linaloweza kumfuata, halafu akatugeukia kwa huzuni, akidhani hatuna imani.

Na hakujua kununua. Jambo hili kwa mtu wa Butembo ni aibu kubwa kuliko ulevi. Kwetu bei ya kwanza ni salamu tu. Ukiikubali, muuzaji mwenyewe anabaki na wasiwasi. Mwalimu aliikubali. Akina mama wa kabichi wakimwona anashuka kilima walianza kumwita kabla hajafika. Mama yangu alimuuliza kwa nini anajiaibisha hivyo, naye akasema kwamba yule mwanamke ameijua kabichi ile tangu ikiwa mbegu, ameipalilia, ameibeba kichwani tangu alfajiri. Yeye ni nani afike dakika ya mwisho na kumwambia haina thamani hiyo? Mama alitikisa kichwa. Kuanzia juma lililofuata alikwenda naye sokoni kumpatanishia bei, huku Mwalimu ametangulia hatua ishirini mbele ili asisikie. Hii ilikuwa baada ya kuangushwa mara ya pili. Hawakuwa maadui hata siku moja. Mwenye hasira nilikuwa mimi.

Mama alikuwa mke wa pili. Kwa sababu hiyo Kanisa halikuweza kumbatiza, na muda wote baba alipokuwa hai mama alikaa misani kwenye benchi la nyuma, akisimama na kupiga magoti pamoja na wengine, kisha kubaki palepale wenzake walipokwenda kupokea komunyo. Sisi watoto tulibatizwa. Mdogo wangu wa mwisho alibatizwa akiwa na wiki tatu, akafa kwa homa kabla ya kuota jino. Basi baba alipofariki, mama alimaliza matanga, akaenda kwa Mwalimu kuandikisha jina lake. Nilimuuliza haraka ni ya nini. Hakunipa maneno ya dini.

"Ninataka kufika kule mutoto alienda," alisema. "Mimi hapana taka anitafute katikati ya batu."

Ndiyo yote aliyoyataka, na tangu siku ile sikuweza kuuona mtihani ule kama mchezo.

Swali la kwanza la mtihani lilikuwa lilelile kila mwaka: fumbo ni nini? Mwalimu alilipenda neno hilo kuliko chakula. Alifundisha kwamba Injili ni fumbo la Mungu, lililofichwa kabla ya dunia kuwa na milima, na kwamba hakuna mtu aliyelifikia kwa akili zake wala kwa nguvu zake. Mungu mwenyewe alilifunua, wakati alipotaka, kwa neema yake tu. Akifika hapo alishusha sauti na kwenda kufunga dirisha. Kanisa lilikuwa na dirisha moja. Giza liliingia, na wale wa benchi la nyuma, waliokuwa wameamkia shambani, walianza kusinzia. Kwa hiyo kila mwaka fumbo lilifunuliwa kwa watu wa mbele tu.

Lakini shida yake kubwa haikuwa usingizi, ilikuwa neema. Jaribu kuwaeleza watu wa Butembo habari ya kitu cha bure. Mji huu tumeujenga kwa migongo yetu, na mwanamume akilala hadi jua lipande majirani wanakuja kuuliza kama amefiwa. Kitu cha bure kwetu ama kimeibiwa, ama kimeoza, ama anayekitoa anamtaka binti yako. Mwalimu akisema neema ni bure, mikono ilipanda. Mwenye duka la misumari aliuliza kama hakuna ile ya kununua, iliyo imara zaidi. Mjane mmoja alitaka kujua itakuwaje baadaye, watu wakishaizoea. Mwalimu alijibu, akajibu tena, akafuta jasho, na alipobanwa kabisa alisema hilo nalo ni fumbo, akaenda kufunga dirisha.

Katika haya yote, yaliyomchosha zaidi ni matofali. Kila mwanafunzi aliombwa kuleta matofali kumi ya kuongezea ukuta wa kanisa, kazi ya mikono ya kawaida, kila mtu sawa na mwenzake. Mwaka wa nne mama alileta hamsini. Aliyabeba kutoka kwenye tanuru la bondeni, manne manne, juma zima, akayapanga vizuri kando ya mlango na kusubiri Mwalimu aseme kitu. Mwalimu aliyatazama, akaelewa, akawa mkali kuliko nilivyowahi kumwona. Alimwambia arudishe arobaini. Mama akauliza kama ni mabovu. Si mabovu, akasema, ni mengi. Mungu hauzi, na yeye hatamruhusu mtu aingie akidhani amenunua. Mama akaanza kuyarudisha. Ila Mwalimu alivua koti, akabeba nusu yake, na njia nzima nilisikia wakibishana.

"Lakini kama iko bure," mama alimwambia pale tanuruni, amejishika kiuno, "juu ya nini unaniangushaka?"

Mwalimu aliweka tofali chini polepole. Nilimwona akitazama huku na huku, na pale bondeni hapakuwa na dirisha la kufunga.

Nieleze sasa jinsi mama alivyoanguka, maana hakuanguka kwa njia moja. Mwaka wa kwanza alijibu kwamba fumbo ni jambo ambalo humwambii mama mkwe wako. Alilisema kwa moyo safi, na mpaka leo sioni kosa lake. Mwaka wa pili Mwalimu alikuwa amejipaka chaki puani bila kujua, mama akaanza kucheka na hakuweza kuacha. Mwaka wa tatu kosa ni langu. Nilimfundisha mwenyewe, nikiwa kwenye cherehani, majibu yote kwa mfululizo, na mama akayashika yote bila kupoteza hata neno moja. Siku hiyo Mwalimu, kwa huruma, akaruka swali la fumbo ili kumtuliza kwanza. Mama akayatoa majibu kwa mpangilio wetu. Akaulizwa Mungu ni nani, akajibu ni jambo lililofichwa tangu zamani. Akaulizwa kuna nafsi ngapi katika Mungu, akajibu ni Roho, hana mwili. Akaulizwa ni nani alikufa msalabani, akajibu kwa sauti kubwa, tatu. Mwalimu alikiri kwamba hilo la mwisho lilimpa taabu, maana siku ile waliosulubiwa walikuwa watatu kweli. Alifikiri kidogo, kisha akamwangusha.

Mwaka wa nne ndio ule wa matofali. Mwaka wa tano mama aliketi, akaulizwa fumbo ni nini, akafikiri muda mrefu, akasema, "Mimi hapana jua, Mwalimu." Naye akaandika kwenye daftari lake kwamba hajui.

Siku hiyo nilipanda kwake bila hata kuvua kanda yangu ya kupimia shingoni. Nilimwambia kila kitu. Nilimwambia kama fumbo ni lile tusilolijua, basi mama yangu peke yake katika kanisa lote ndiye aliyejibu sawasawa. Nilimwambia mama anazeeka na mtoto anamngoja. Mwalimu alisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Masika, siku moja Bwana ataniuliza: hawa batu uliniletea, ulibafundisha ao ulibaachilia tu? Nitajibu nini?"

Nilikuwa nimekuja kugombana na mtu mgumu, nikamkuta mtu mwenye hofu. Alikuwa anajiona kama mlinzi aliyepewa mlango mmoja na kuambiwa asikosee. Nilirudi nyumbani na kumalizia sare za shule.

Na kuna hili, ambalo bila kulisema nitakuwa nimemchora nusu. Ukiangushwa na Mwalimu leo, kesho asubuhi unamkuta shambani kwako na jembe. Hakusema amekuja kwa nini. Alilima hadi saa sita, akanywa maji, akaenda zake. Shamba la mama alililima mara tano, na alilima vizuri, mistari imenyooka. Kulikuwa na mzee mmoja mwenye shamba la mawe ambaye watu walisema anaanguka makusudi. Nilimtania Mwalimu kwamba wale aliowapitisha ndio waliopata hasara, hakuna aliyewalimia. Hakucheka. Alisema shamba la mtu si mtihani, pale hana sababu ya kuuliza kitu.

Katika miaka yote niliyomjua nilimwona mara moja tu akimpitisha mtu kwa jaribio la kwanza, papo hapo, bila kadi wala muhuri. Na nitamweleza mtu huyo, kwa sababu mama hakumsamehe Mwalimu kwa jambo hilo kwa muda mrefu kuliko ile mitihani yote mitano.

Ilikuwa wakati wa vita. Askari walikuwa wanabadilika kwetu kila mara. Hawa wanaingia, wale wanatoka, kila kundi na redio yake na kizuizi chake barabarani. Mwaka ule risasi zilipofika kwenye kilima chetu, mtaa mzima ulishika barabara ya Beni kwa miguu. Mama alibeba kikapu cha maharage. Mimi nilibeba kichwa cha cherehani mgongoni kama mtoto. Mwalimu na mke wake walikuwa nyuma yetu, na begani Mwalimu alikuwa na sanduku la mbao, zito, ambalo hakukubali mtu amsaidie.

Kwenye kizuizi cha tatu askari mmoja, mtu wa mbali, aliyechanganya Lingala na Kiswahili, alichukua kikapu cha mama. Kisha akataka kujua ndani ya sanduku kuna nini. Mwalimu akafungua: zilikuwa kadi za wanafunzi wake, mia na zaidi, zimefungwa kwa kamba mwaka kwa mwaka. Askari akacheka, akasema yeye pia alisoma mambo hayo kwa masista, zamani, kwao. Mtu mwenye akili angecheka pamoja naye na kufunga sanduku. Mwalimu hakuweza kujizuia.

"Fumbo ni nini?" akamuuliza.

Askari alirekebisha mkanda wa bunduki, akasimama wima, akatoa jibu lote, neno kwa neno, kwa Lingala na kisha kwa Kiswahili, bila kosa hata moja, na macho yake yakawa ya mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa. Mwalimu akamwambia amepita. Yule askari alifurahi hivi kwamba aliinua mti wa kizuizi mwenyewe na kutupitisha wote bila kugusa mzigo mwingine wowote. Ila kikapu hakukirudisha.

Mama alitembea kimya mpaka tulipoanza kuona mabati ya Beni. Ndipo akageuka nyuma.

"Ule mutu amepita," akamwambia Mwalimu, "na maragi yangu."

Mwalimu alihamisha sanduku kwenye bega la pili na kuendelea kutembea.

Beni ilikuwa imejaa. Mimi na mama tulipata chumba kwa binamu yangu. Mwalimu na mke wake walilala kwenye darasa la shule pamoja na familia nyingine sita. Parokia ilihitaji sana walimu wa dini kwa ajili ya wakimbizi, na mtu angedhani Mwalimu ataanza kazi kesho yake. Lakini padri wa pale alikuwa ameshadanganywa. Kulikuwa na watu waliojifanya makatekista ili wapewe nafasi na unga, na mmoja wao alikuja kugundulika kuwa hajui hata Salamu Maria. Kwa hiyo padri, kijana mpole mwenye kalamu tatu mfukoni, aliweka sheria: kila mwalimu mgeni alete kadi yake ya ubatizo.

Na Mwalimu hakuwa nayo. Siku ya kukimbia alikuwa amebeba kadi za wanafunzi wake wote, na yake mwenyewe aliisahau kabatini. Kitabu cha ubatizo kilichokuwa na jina lake kilikuwa kwenye misioni ya kijijini kwao, kule njia ya Manguredjipa, na misioni hiyo ilikuwa imeungua na vitabu vyake vyote. Padri akasema basi, alete mtu aliyeona kwa macho. Watu wa Butembo tulijitokeza kumi, ishirini, tukasema tunamjua miaka yote. Padri alitusikiliza kwa adabu, akasema hakuuliza ni nani amemwona akifundisha, ameuliza ni nani aliona maji yakimwagwa kichwani pake. Wazazi wa Mwalimu walikuwa wamekufa, na padri aliyembatiza pia. Mwishowe Mwalimu alikuwa amekutana na mtu aliyefanana naye. Ningependa kusema sikufurahi, ila nilifurahi, siku mbili hivi.

Siku ya tatu niliacha, kwa sababu mke wake alituambia kwenye bomba la maji jambo ambalo hatukulitegemea. Mwalimu alikuwa ameacha kupokea komunyo. Padri hakumkataza. Alijikataza mwenyewe. Alimwambia mke wake kwamba yeye hakumbuki siku ile, alisimuliwa tu, na kwamba amewarudisha watu kwa kukosa neno moja, sasa yeye amekosa ushahidi wote. Kwa sheria gani atapita? Jumapili mbili alikuwa amekaa kwenye benchi la nyuma kabisa, wakati wengine wanakwenda mbele. Na hakuwa anakula vizuri.

Mama aliposikia hayo aliuliza kijiji cha Mwalimu, ingawa alikijua, maana ni kijiji alichozaliwa yeye mwenyewe. Akauliza padri anataka nini hasa. Mke wa Mwalimu akamjibu: mtu aliyeona maji. Mama alianza kucheka, akacheka mpaka akaketi juu ya ndoo yake, na wanawake wa foleni wakadhani amepatwa na kitu. Kisha akajifunga kitenge vizuri na kuniambia twende parokiani. Njiani nilimuuliza kuna nini. Alisema nitasikia huko huko, hapendi kusimulia mara mbili.

Tulimkuta Mwalimu kwenye kibaraza cha ofisi ya padri, na sanduku lake miguuni, anangoja kuambiwa tena kwamba bado. Tukaingia pamoja. Padri akamuuliza mama kwanza kama ni mkristo.

"Bado, Padri," mama akasema. "Mwalimu ananiangushaka."

Padri akamtazama Mwalimu. Mwalimu akatazama kifungo cha koti lake. Mama akaendelea, polepole, na sauti yake haikuwa na mzaha tena.

"Mimi niliona. Ilikuwa mwaka ya surua. Batoto ba kijiji balikuwa banalala chini ku mukeka, bengi, na bakubwa balikuwa nyuma ya nyumba, banachimba. Padri wa ndevu nyeupe alipita na velo, anakanyaga pedali, anaenda Manguredjipa. Aliona bale batoto, akasema: leteni maji, mbio. Mukubwa hakukuwa. Ni mimi nilienda ku mutoni, nikaleta mu kopo. Nilishika ile kopo mpaka akamaliza bote."

Padri akauliza atajuaje kwamba huyu alikuwa mmoja wao.

"Bengine balikuwa banalala. Huyu alimuluma padri kidole." Mama akamwonyesha Mwalimu kwa kidevu. "Padri aliseka, akamumwangia maji. Akamupatia jina." Na akalitaja jina la Mwalimu, lile ambalo hakuna mtu aliyelitumia.

Padri alikuwa ameshatoa kalamu. Akauliza, nadhani kwa ajili ya kuandika tu, kama mtoto alikuwa na umri wa kujibu kitu.

"Kujibu nini? Alikuwa na miaka mbili. Alikuwa analia tu."

Nilidhani Mwalimu atashukuru, lakini aliuliza kwa nini mama hakumwambia, miaka yote ile.

"Hukuniuliza, Mwalimu. Uliniuliza ingine yote."

"Na weye?" akasema. "Ulikuwa pale, na kopo mu mukono. Juu ya nini hakukubatiza?"

"Aliniuliza kama ninataka. Nikasema ndiyo. Baba akakatala, juu mbuzi za mahari za bwana wangu zilikuwa tayari ku lupango yetu. Padri akasema nitapata siku ingine." Mama alinyoosha kitenge magotini. "Basi nikangoja."

Nilikuwa sijawahi kusikia habari hiyo. Mimi mwanawe, niliyemfundisha majibu yote kwa mfululizo, sikuwahi kujua kwamba aliomba ubatizo akiwa msichana mdogo aliyeposwa awe mke wa pili, akakataliwa huku ameshika maji yenyewe. Nililia pale bila kujificha.

Padri aliandika, akapiga muhuri, akampa Mwalimu karatasi yake. Mwalimu aliipokea na hakuisoma. Aliinama, akafungua sanduku, akatafuta kwenye kamba moja, kisha nyingine, akatoa kadi ya mama iliyojaa mihuri hadi pembeni, akaiweka juu ya meza mbele ya padri. Padri aliigeuza mbele na nyuma. Alikuwa mtu wa sheria, kama nilivyosema, na akauliza kama huyu mama amepita mtihani.

"Hapana," Mwalimu akasema. "Ata mimi sikupitaka."

Padri akavuta daftari la Pasaka na kuuliza jina la mama linaandikwaje.

Pasaka ile misa ilisomwa mchana, kwa sababu ya askari. Mama alivaa gauni jeupe nililolishona kwa shuka la binamu yangu. Mhudumu wa sakristia alikuwa ametayarisha maji, lakini Mwalimu alimwomba ayamwage, akachukua beseni, akaenda mwenyewe kwenye bomba na kupanga foleni nyuma ya wanawake wote. Walimwita apite mbele, akakataa. Alirudi amelowa koti hadi magotini, akasimama kando ya padri na beseni mikononi.

Zamu ya mama ilipofika, padri akamuuliza kama anavyoulizwa kila mtu, anaomba nini kwa Kanisa la Mungu. Mama, kwa mazoea ya miaka, alimgeukia kwanza Mwalimu, aone usoni pake kama jibu lake litakuwa sawa. Mwalimu alikuwa analia tu. Mama akamgeukia padri, akajibu mwenyewe.